Kipeuo cha Thelathini

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa na mashati mawili, jeupe na la kijivu, na alipovaa la kijivu tulijua kuna mtihani. Siku ninayotaka kuisimulia alivaa la kijivu. Naanza na shati lake kwa sababu nikianza na mimi mwenyewe nitaanza kujitetea, na nimejitetea vya kutosha.

Ilikuwa shule ya harambee, hapo Voi, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Wazazi walikuwa wamesimamisha madarasa manne ya mawe na kuyaezeka mabati, pesa zikaishia hapo. Madirisha hayakuwa na vioo, kwa hivyo vumbi jekundu lilikuwa mwanafunzi kama sisi, tena halikukosa siku hata moja. Baba yangu alifanya kazi ya reli, akibadilisha njia za treni pale stesheni, na mimi nilikuwa kidato cha pili, kiranja wa darasa. Mama alinishonea beji ya kitambaa cha buluu. Niliivaa hata Jumapili.

Niliketi dawati moja na msichana kutoka milimani, upande wa Wundanyi, aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake mjini ili asome. Mimi nilikaa kushoto, yeye kulia. Alikuwa mrefu, mkimya, na sare yake ilikuwa moja tu, akiifua jioni na kuivaa asubuhi ikiwa na unyevu. Daftari lake la hesabu alilitunza kama sahani ya udongo. Hakupoteza ukurasa kwa kukokotoa. Akitaka kukokotoa alivuta sketi kidogo, akachukua ujiti wa nyasi, akaandika pajani. Ngozi ikiwa imekaushwa na jua na vumbi, ujiti huacha alama nyeupe, unasoma kama ubao. Ukimaliza unatia mate kidoleni, unafuta. Wengi wetu tulijifunza kuandika hivyo tukiwa wadogo, kabla ya kununuliwa daftari, lakini kufika sekondari tulikuwa tumeacha. Tulijiona wakubwa. Yeye hakuacha, na nilimwonea aibu kidogo.

Muhula ule tulikuwa tunasoma vipeuo vya pili, au skweya ruti kama tulivyoviita wenyewe: unapewa namba, unatafuta ile ambayo ukiizidisha kwa yenyewe utaipata hiyo uliyopewa. Ya tisa ni tatu, ya kumi na sita ni nne, hapo hakuna shida. Shida ni ya mbili, au ya kumi na mbili. Kulikuwa na vitabu vya majedwali vyenye majibu yote, lakini darasa zima lilikuwa na vitabu sita, na mwalimu alivifungia kabatini. Kwa hivyo alitufundisha kubana.

“Tafuta iliyopungua,” alisema, “tafuta iliyozidi. Halafu zisogeze. Jibu liko katikati, halina pa kukimbilia.”

Akaandika ubaoni. Kipeuo cha mbili: moja nukta nne ukiizidisha kwa yenyewe unapata 1.96, imepungua. Moja nukta tano, 2.25, imezidi. Haya, moja nukta nne moja, imepungua. Moja nukta nne mbili, imezidi. Na kuendelea hivyo mpaka chaki iishe. Nilichukia. Mimi ni mtu wa haraka tangu kuzaliwa, sipendi jambo la karibu-karibu, na hesabu hiyo ilikuwa karibu-karibu tupu. Katika jaribio la kwanza nilipata tatu kwa kumi. Mwalimu alisema, bila ukali, kwamba kiranja akishindwa tena kufika nusu itabidi beji apewe mwingine.

Mwenzangu wa dawati alipata kumi. Njia yake haikuwa ile ya ubaoni. Nilimuuliza wakati wa mapumziko, naye akanieleza kwa kitalu cha miche ya kabichi, kwa sababu mama yake aliotesha kabichi kule juu.

“Fanya kitalu ni cha hatua tatu kwa nne,” alisema. “Eneo lake ni kumi na mbili, sivyo? Sasa mama anataka kiwe mraba, pande zote sawa, na miche iwe ile ile. Utafanyaje? Huu wa tatu unaurefusha, uwe tatu na nusu. Basi huo mwingine lazima ufupike. Kumi na mbili ugawe kwa tatu na nusu, unapata tatu na tatu juu ya saba. Umeona? Upande mmoja umezidi, mwingine umepungua, lakini sasa zimekaribiana sana. Chukua katikati yake, umemaliza.”

Aliandika pajani: tatu na kumi na tatu juu ya ishirini na nane. Akaigeuza kuwa desimali. 3.464. Akafuta kwa mate.

“Unakwenda hivyo tu,” akaniambia. “Ni rahisi.”

Kwake ilikuwa rahisi. Mimi nilifika kwenye tatu juu ya saba nikapotea.

Kiranja ndiye aliyebeba vitabu vya majedwali kutoka kabatini na kuvirudisha. Jumatano, siku moja kabla ya jaribio la pili, nilikuwa nikivirudisha, mwalimu yuko nje akiongea na mzazi. Nilifungua kitabu chake mwenyewe, kilichokuwa juu, nikachana karatasi moja. Haikuchukua muda wa kupiga chafya. Karatasi hiyo ilikuwa na vipeuo vyote: upande wa mbele vya moja hadi kumi, upande wa nyuma vya kumi hadi mia. Niliikunja mara nne nikaitia ndani ya mkebe wangu wa jometri, chini ya bikari. Sikuhisi vibaya. Napenda kusema nilihisi vibaya, lakini sikuhisi. Nilihisi nafuu.

Alhamisi mwalimu akaja na shati la kijivu. Maswali kumi, yote ya vipeuo, tarakimu nne kila jibu, na hakuna majedwali. Niliweka mkebe kushoto kwangu, kifuniko kimeinuka ili mwenzangu aliye kulia asione. Nilikuwa nikiifunua karatasi kwa kidole, mkunjo huu, mkunjo ule, macho kwa mwalimu. Mikono ilinitetemeka na jasho likanitiririka mpaka kwenye beji.

Katikati ya jaribio mwenzangu alisogea. Alikuwa amevuta sketi, akawa anaandika kwenye paja lake la upande wangu, polepole, tarakimu kubwa. Goti lake likagusa langu. Niliona “5½” na chini yake “5 5/11”, na mstari katikati. Nilikasirika. Niliogopa kwamba akisogea zaidi ataona mkebe. Nikamsukuma kwa kiwiko, kwa nguvu. Alinitazama mara moja, akarudi upande wake.

Ijumaa mwalimu alikuja na shati lile lile la kijivu, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Alipokuwa akisahihisha usiku uliopita alifungua kitabu chake ahakikishe majibu, akakuta ukurasa hauko. Aliweka kitabu mezani, kimefunguka pale palipochanika.

Akagawa karatasi. Nilikuwa nimepata sita. Swali la tano lilikuwa na mkasi mkubwa mwekundu, alama ya kosa, naye akalisoma kwa sauti ili kupunguza makali ya asubuhi ile.

“Kiranja wetu anasema kipeuo cha thelathini ni moja nukta saba tatu mbili. Moja nukta saba mara moja nukta saba, jamani, inafika thelathini? Haifiki hata tatu!”

Darasa likacheka. Nami nikacheka, kwa sababu kicheko kile kilikuwa ngao. Nani angeshuku kwamba mjinga kama yule ndiye mwenye karatasi? Lakini kosa lenyewe lilikuwa limeandika jina langu. Nilifunua mkunjo usio wake, nikasoma upande wa mbele badala ya wa nyuma, nikachukua kipeuo cha tatu nikakiita cha thelathini. Mtu anayebana hawezi kukosea hivyo. Anaanza na tano kwa tano, ishirini na tano. Sita kwa sita, thelathini na sita. Jibu lake haliwezi kutoka nje ya hapo hata akiwa amelala. Ni mwenye jedwali pekee anayeweza kuandika 1.732 bila kushtuka. Mwalimu hakuliona hilo. Yeye alikuwa akitafuta mtu aliyepatia.

Mwenzangu alikuwa amepatia yote. Tarakimu nne kila moja, na kwenye karatasi yake hakuna mstari hata mmoja wa kukokotoa.

“Kazi yako iko wapi?” mwalimu aliuliza.

“Nilifanya kwa mguu, mwalimu.”

Watu walicheka tena, vibaya zaidi.

“Kwa mguu?”

“Kwa paja. Kwa nyasi. Halafu nikafuta.”

Wavulana nyuma wakapiga meza. Mmoja akasema basi atuonyeshe. Mwenzangu alishika sketi yake kwa mikono yote miwili akaivuta chini magotini. Mwalimu naye aliona haya, alikuwa kijana, pengine hakufika miaka ishirini na tano. Angeweza kumpa swali jingine pale pale ubaoni na mambo yangekwisha. Nimewaza hilo mara nyingi, nikitafuta mtu wa kugawana naye lawama. Badala yake alinigeukia mimi.

“Wewe ni kiranja, na mnakaa dawati moja. Uliona akiandika kwa mguu?”

Mkebe ulikuwa juu ya dawati. Karatasi ilikuwa ndani yake.

“Sikuona,” nikasema.

Mwalimu alimwambia aende nyumbani arudi na karatasi. Si adhabu kubwa, alisema, hatapigwa, hatafukuzwa. Aje nayo tu. Mwenzangu akakusanya vitu vyake, vichache. Alipoinama kuchukua rula yake aliangalia karatasi yangu ya jaribio, iliyokuwa imelala wazi, akaweka kidole kwenye ule mkasi mwekundu.

“Hii ni ya tatu,” alisema kwa sauti ya chini.

Akaondoka. Nilimwona akivuka uwanja, rula mkononi, na jioni shangazi yake akamkatia tiketi ya basi la milimani.

Mara ya kwanza nilipotaka kurudisha karatasi ilikuwa Jumatatu iliyofuata. Nilikwenda mpaka kabatini nayo mfukoni. Mwalimu alikuwa pale, akanishukuru kwa kupanga vitabu vizuri. Nikavipanga tena, nikatoka. Jumanne nilifikiria kuitupa dirishani mwa darasa, iokotwe, lakini nikajiambia watasema mwenzangu alimtuma mtu. Jumatano nikajiambia atarudi tu, wazazi watamleta, jambo litazungumzwa. Kila siku nilipata sababu mpya, na zote zilikuwa nzuri. Karatasi ililala nyumbani chini ya gazeti lililotandikwa kwenye sanduku langu la nguo. Treni ya Taveta ikipita sanduku lilitikisika, nami nikawaza kwamba karatasi imesogea.

Wiki ya tatu mwalimu aliniita. Alikuwa na kitabu kimoja kati ya vile sita, pamoja na karatasi ngumu.

“Una mwandiko mzuri,” alisema. “Ninakilie ukurasa huu, niugandishe kwenye kitabu changu.”

Nilikaa ofisini kwake mchana mzima nikinakili vipeuo, tarakimu baada ya tarakimu, safu baada ya safu. Nilipofika thelathini nikaandika 5.477. Niliandika vizuri sana. Mwalimu akaugandisha kwa gundi, akaupuliza, akasema haya, hatuna shida tena. Na kweli kitabu hakikuwa na shida tena. Karatasi haikuhitajiwa na mtu yeyote duniani, isipokuwa msichana mmoja aliyekaa mlimani akiambiwa asirudi bila hiyo. Hakuna aliyempelekea habari. Kazi ya kupeleka habari ilikuwa ya kiranja.

Muhula ukaisha. Nafasi yake dawatini akapewa mwingine. Mimi nikafaulu, si sana, kiasi cha kupelekwa chuo cha ualimu, na tangu hapo nimekuwa mwalimu wa shule ya msingi. Hesabu pia nafundisha. Watoto wangu wakibana vizuri huwasifu mpaka wenzangu hunicheka. Hawajui namsifu nani.

Nilikuwa nimepita miaka thelathini ya umri, kwenye miaka ya themanini, nilipokutana na shangazi yake sokoni Voi akichagua ndizi. Aliniambia mpwa wake ameolewa Mata, huko karibu na mpaka, analima vitunguu na nyanya. “Watu wa kule hawapandi bila kumwita,” alisema kwa fahari. “Anawapimia vitalu.” Sikulala vizuri wiki nzima. Shule zilipofunga nikatoa karatasi kutoka sandukuni, nikaitia kwenye bahasha, nikapanda treni ya Taveta.

Nilimkuta shambani, kati ya mifereji ya maji, amefunga kanga kiunoni, akinyoosha kamba kati ya vigingi viwili. Alinitambua kabla sijafungua mdomo. Tulisalimiana kama watu wazima, nyumbani hawajambo, watoto hawajambo, mvua vipi. Akanawa mikono mferejini. Nikampa bahasha.

Aliifungua, akaitandaza karatasi kwenye kiganja. Mikunjo ilikuwa imeanza kukatika.

“Kumbe ilikuwa ndogo hivi,” alisema.

“Ni mimi niliyeichana.”

“Najua. Thelathini yako ndiyo iliyoniambia.”

“Sasa mbona hukusema, dada?”

“Kwa nani? Wangemwamini nani, mimi au kiranja?” Hakusema kwa hasira. “Halafu nilijua utasema. Nilikupa wiki moja. Halafu nikakupa muhula. Baba alipekua sanduku langu, akapekua hata magunia ya mbegu. Alitaka nirudi shule yule mzee, aliitafuta hiyo karatasi kuliko wewe ulivyoificha. Alipoikosa akasema nimeichoma. Amekufa miaka minne sasa. Amekufa akiamini anaacha mtoto mwizi.”

Nilianza kusema samahani. Neno lilitoka, nililisikia, halikufaa kitu. Nikaongeza lile jingine, nililolibeba miaka yote.

“Nilikuona ukiandika. Niliona tano na nusu. Nilimwambia mwalimu sikuona, na niliona.”

“Ungekosaje kuona?” akasema. Alikunja karatasi kwenye mikunjo yake ya zamani, taratibu, akanirudishia. “Mimi huandika paja la kulia. Siku zote, wewe unajua, ulikaa na mimi mwaka mzima. Siku ile niliandika la kushoto.”

Sikuelewa, au sikutaka kuelewa.

“Ulikuwa unatetemeka,” alisema. “Nikajua watakuvua beji. Nikakuandikia upande wako, kwa tarakimu kubwa, unakili. Ukanisukuma kwa kiwiko.”

Maji yalikuwa yakipita mferejini. Akachukua ncha moja ya kamba akanipa, akaniambia nisimame pale kwenye kigingi na niivute mpaka ikaze.